Litania ya Madhara

Mwezi uliopita nilikwenda Ntobeye kumzika Mama Gaudensia, na nikacheka msibani. Nasema mwenyewe mapema, asije mtu akanisemea: nilicheka, tena kwa sauti, nikajifunika mtandio haraka, na mama mmoja tuliyekaa naye mkekani akanipigapiga mgongoni. "Pole, jikaze, kazi ya Mungu haina makosa." Alidhani nalia. Aliyenichekesha ni Venansi, mtoto wa kaka wa marehemu, aliyekuwa amesimama mbele ya turubai na kipaza sauti mkononi, suti imembana tumbo, akiwaeleza waombolezaji jinsi yeye, kijana mdogo enzi hizo, alivyogundua kwamba dawa zinamharibu shangazi yake macho, na jinsi alivyomwahi. "Niliona," alisema, akainua kidole kama mgombea ubunge, "niliona kile ambacho wengine hawakukiona." Loo! Wengine hao ni mimi. Nilikuwa pale pale, mzima, miguu nimeinyoosha mkekani, nasikiliza. Baadaye tulipopanga mstari kunawa mikono alinijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, "Hadija, dada yangu, siku nyingi! Unakumbuka tulivyosoma nyumba hii?" Nikamjibu kwamba nakumbuka vizuri sana. Akatabasamu. Mtu wa aina hiyo ukimwambia unakumbuka vizuri, yeye anasikia sifa. Basi, kwa kuwa mwenye macho yake ameshazikwa na hawezi kujisemea, wacha niseme mimi.

Mwaka ule tulikuwa watatu: mimi, Venansi na Jovin. Tulikuwa tumemaliza mafunzo ya vitendo kule Biharamulo, ambako ndiko kwetu mimi, na tulikuwa tunangoja mtihani wa leseni ya ufamasia. Bila leseni hiyo wewe na muuza karanga mna hadhi moja, tena yeye ana karanga. Venansi hakuhisi hivyo. Yeye alikuwa mfamasia tangu siku aliyopewa koti jeupe, na koti hilo alilivaa mpaka sokoni kununua nyanya, akiziminya moja moja kana kwamba anapima homa. Alikuwa amepitia seminari kidogo, akaacha. Kwa maelezo yake mwenyewe, walimu walimwogopa. Jovin alikuwa kijana mpole mwenye kipaji kimoja tu, nacho ni kukubaliana. Ukisema mvua inakuja, alikubali. Venansi akisema haiji, alikubali zaidi. Mimi nilikuwa msichana pekee, Mwislamu pekee, na mwenye mdomo pekee, nao ulinigharimu, lakini siujutii hata leo. Kilichokuwa kinaangusha watu katika mtihani ule ni sehemu ya madhara ya dawa: kila dawa na ubaya wake, hii inavimbisha miguu, hii inavumisha masikio, hii inaharibu ini. Kitabu chenyewe kilikuwa kinene kama tofali, na sisi tulikuwa na nakala yake iliyotolewa kwa mashine, kurasa zinachomoka, za dawa za moyo zimeingiliana na za minyoo.

Venansi ndiye aliyetoa wazo la kwenda Ntobeye kwa shangazi yake. "Kule kuna utulivu na chakula," alisema, "na shangazi hana maneno mengi." Tukapanda basi mpaka Ngara na magunia yetu ya karatasi. Shangazi mwenyewe alikuwa mjane, watoto wake wote wako Kahama na Mwanza kwenye biashara zao, na alikuwa ametoka kuugua kifua kikuu. Awamu ya kwanza ya matibabu, ile kali ya sindano, alikuwa ameimaliza. Sasa alikuwa katika ile ndefu, ya vidonge vya kila siku nyumbani. Venansi alitunong'oneza haya tukiwa tayari mlangoni, mizigo kichwani: "Msiogope, haambukizi tena." Jovin, ambaye mwaka mzima alikuwa amegawa dawa hizo hizo dirishani na alijua vizuri kwamba haambukizi, alilala na dirisha wazi juma zima mpaka mbu wakamla. Wasomi hao.

Ile nyumba naiona mpaka sasa. Sebule ilikuwa na meza moja ndefu ya mninga, viti vimevishwa vitambaa vya kufuma, picha ya Moyo Mtakatifu juu ya mlango, na kabati la vioo lenye vikombe ambavyo havikuwahi kunywewa. Kabatini humo, kando ya kopo la sukari, ndimo vilimokaa vidonge vya Mama Gaudensia, majina yameandikwa wazi kwenye pakiti. Natamka hili mapema ili mtu asije akasema hatukujua anakunywa nini. Tulijua. Kila asubuhi alivimeza mbele yetu na uji, akafanya ishara ya msalaba, akatuuliza tumelalaje. Siku ya kwanza alinichukua mpaka jiko la nje, akanionyesha sufuria. "Hii haijawahi kupikiwa kitimoto tangu inunuliwe, binti yangu. Hii ndiyo yako, na mimi nitakula humo humo na wewe." Nilimpenda kuanzia hapo. Alipika ndizi na maharage yaliyoiva mpaka yanajiponda yenyewe, alipika majani ya maboga kwa karanga, na alipotuita, "Njooni, chakura tayari," Venansi alimsahihisha kwa sauti ya mwalimu wa zamu: "Chakula, shangazi. Cha-ku-la." Anamsahihisha huku mkono tayari umo kwenye sahani. Mama Gaudensia alicheka tu. "Haya, mwanangu, kureni basi." Nikaziba mdomo nisimwage maharage.

Sasa nije kwenye ile litania, maana ndiyo kiini cha yote. Venansi alituambia kwamba kusoma kimoyomoyo ni kazi ya watu wavivu. Madhara ya dawa yanakaririwa kwa sauti, kwa mpangilio, kama wanavyosali litania. Yeye kiongozi, sisi waitikiaji. Akisimama mwisho wa meza, macho nusu yamefumba, anataja dawa kwa kuivuta sauti, "Kap-to-priiil," nasi tunajibu, "Kikohozi kikavu!" "Kwi-niiini." "Masikio kuvuma!" "Metroni-da-zoool." "Ladha ya chuma mdomoni!" Hapa naandika kwa Kiswahili ili tuelewane, lakini sisi tuliitikia kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha kitabuni, na mtu wa Ntobeye aliyepita njiani angesikia tu mtu mmoja anaimba jina na wengine wanajibu kwa pamoja. Mama Gaudensia alikuwa barazani anachambua kahawa. Siku ya pili, ya tatu hivi, tukasikia sauti yake kutoka nje, ya unyenyekevu kabisa, ikifuatia ya kwetu: "Utuombee." Jovin alitaka kupasuka. Venansi akamkonyeza, akaendelea. "Rifam-pi-siiini." "Mkojo mwekundu!" "Utuombee." Mimi si Mkristo, ilibidi niulize baadaye ndipo nikaelewa anaitikia nini. Alidhani tunawaita watakatifu. Wageni, pengine, wa Ulaya huko, ambao katekista hakuwahi kumfundisha.

Nilimwambia Venansi amweleze shangazi yake ukweli. Akasema, "Si anasali? Kusali kuna ubaya gani?" Na kweli, mama wa watu alifurahi. Alimwambia jirani yake kwamba nyumba yake imepata neema, watoto wanasali tangu jua linatoka mpaka mchana, hata yule binti wa Kiislamu. Jirani akaanza kupita pale makusudi, akisimama nje ya ua na jembe begani, anainamisha kichwa kwenye dawa za shinikizo la damu. Mimi nilicheka, sisemi sikucheka. Lakini kuna kucheka na mtu na kuna kumcheka mtu, na Venansi alimcheka kila mlo, mbele ya chakula chake, kwa Kiingereza.

Ilikuwa ni msimu wa kahawa. Mama Gaudensia alikuwa na mibuni nyuma ya nyumba, mizee lakini inazaa, na kazi yake ilikuwa kuchuma, kumwaga kwenye ungo pale barazani, na kutenga mbivu na mbichi. Mbivu nyekundu, kikapu hiki. Mbichi za kijani, kando. Kazi ya mtoto. Alikuwa akiifanya tangu hajaota meno ya ukubwani. Basi siku moja alipeleka kahawa yake kwa mnunuzi, Bugarama, akarudi nayo. Alirudishiwa nusu ya kikapu. Walimwambia amechanganya mbichi ili kuongeza uzito. Alikaa kwenye ngazi ya baraza, kikapu miguuni, akasema taratibu, "Wameniita mwizi, mimi, kwa kahawa." Venansi alitoka nje, akachovya mkono kikapuni, akatoa punje za kijani kiganja kizima. "Lakini shangazi, hizi si mbichi hizi? Mbona ziko wazi?" Akamgeukia Jovin. "Uzee huu." Jovin akakubali kwamba ni uzee. Mama wa miaka hamsini na kidogo!

Halafu mboga zikaanza kuwa chachu. Nyanya alizochuma zilikuwa mbichi, ngumu, kijani mpaka ndani, na yeye anazikatia kwenye maharage bila wasiwasi. Jovin alikunja uso, Venansi akasukuma sahani, akasema kwa Kiingereza kwamba mpishi naye anahitaji leseni. Jumapili moja alikwenda misa na kitenge cha juu kijani na cha chini chekundu, yeye ambaye alikuwa nadhifu hata akienda kisimani, na wanawake wenzake wakamtazama. Alikuwa ameacha kufuma. Kile kitabu chake cha sala alikifungua mbele yake lakini macho yalikuwa hayafuati mistari. Alikuwa anasema ya kichwani. Nilikuwa naviona hivi vyote, kimoja leo, kingine keshokutwa. Naviona, naondoka navyo, naenda kuimba.

Kisha nikasikia nisichotakiwa kusikia. Nilikuwa jiko la nje nachochea moto, Venansi amesimama upande wa pili wa ukuta wa miti anapiga mswaki, na Mama Gaudensia akamfuata. Aliongea kwa sauti ya chini, kwa Kihangaza, lugha yao, mwanzo, halafu Venansi akamjibu kwa Kiswahili, maana Kihangaza alikuwa amekipiga marufuku mdomoni mwake tangu chuo, naye akamfuata kwa Kiswahili hicho. "Venansi, mwanangu, macho yangu yameingia moshi. Nikikutazama, katikati ya uso wako sikuoni, naona masikio." Venansi akatema povu la mswaki. "Ni umri, shangazi. Ukipata nafasi nunua miwani." "Na rangi zimekwenda." "Zimekwenda wapi?" akacheka. "Rangi haziendi mahali. Ni umri." Akasuuza kinywa. "Mimi naogopa nikisema kule kituoni watanirudisha mwanzo, zile sindano." "Basi usiseme," akajibu, akaingia ndani. Basi usiseme! Nilikaa na ule ufito wa moto mkononi, moshi unanipiga machoni, na bado, jamani, bado sikuunganisha. Nilikuwa na dawa mia kichwani, zote kwa Kiingereza, na hakuna hata moja iliyokuwa na mtu ndani yake.

Asubuhi hiyo hiyo tukaanza. Meza yetu ilikuwa dirishani, na dirisha linatazama baraza. Venansi yuko kwenye dawa za kifua kikuu, anazipanga kwa madaha. "Isonia-ziiidi." "Ganzi miguuni!" "Utuombee." "Etham-bu-tooool." Na sisi, mimi na Jovin, kwa sauti moja: "Macho kufifia, kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani!" "Utuombee," akaitikia Mama Gaudensia barazani, huku mkono wake unachukua punje ya kahawa ya kijani kibichi kabisa, anaigeuza, anaisogeza karibu na pua, na anaiweka kwenye kikapu cha mbivu.

Nilisimama, kiti kikaanguka. Nikasema, "Venansi, ni yeye." "Nani?" "Mama. Ethambutol. Si tumesema sasa hivi? Mtazame." Akatazama nje, akarudisha macho kwenye karatasi. Nasema haya kwa kuapa: alitazama, na akaona, kwa sababu alinyamaza kidogo, na Venansi hanyamazi bure. Halafu akavaa ile sauti yake ya seminari. "Hiyo hutokea kwa nadra sana, Hadija. Na wewe si daktari. Tena sikiliza, ukimwambia mgonjwa madhara ya dawa, anaacha dawa. Akiacha, anakufa. Unataka kumuua shangazi yangu?" Nikamwambia sisemi aache, nasema apelekwe kituoni leo. "Leo tuna dawa za akili na za kifafa," akasema. Jovin akasema kweli, tuna dawa za akili. Nikawauliza kama mtihani ukiwauliza ethambutol inafanya nini, watajibu nini. "Tutajibu sawasawa," Venansi akasema, anajiamini. "Sasa yule pale si ndiye swali?" Akakasirika kweli kweli hapo. Akaniambia nimekuja kwao kama mgeni, nakula kwao, na mgeni hamfundishi mwenyeji namna ya kuuguza ndugu yake. Nikamjibu kwamba chakula nakula cha mama, yeye na mimi ni wageni wa sahani moja. Nikachukua mtandio wangu.

Mama Gaudensia hakutaka kwenda. Aliogopa zile sindano kuliko upofu. Nilipiga magoti pale kwenye ungo nikamwambia, "Mama, dawa moja kati ya zile ndiyo inayokutia moshi. Moja tu. Zipo nyingine za kuiziba nafasi yake. Usiache hata kidonge, twende tukaseme tu." "Venansi amesema ni umri." "Venansi amekosea." Akatazama upande wa dirisha, na sijui aliona nini pale, pengine masikio mawili tu. Akasimama, akafuta mikono kwenye kanga. Jirani alitupa kijana wa baiskeli kwa sehemu za tambarare. Vilima tulipanda kwa miguu, yeye ameshika bega langu, na kila palipokuwa na jiwe nilimwambia, jiwe.

Tabibu wa kituo cha afya alikuwa mwanamume mfupi mwenye haraka, lakini aliposikia neno macho haraka ikamtoka. Alimfunika jicho moja, akamwonyesha vidole, kisha akatoa kwenye droo nyuzi za kushonea, nyekundu, kijani, kahawia, akamwambia atenge. Mama Gaudensia alizigusa moja moja kama mtu anayechagua maharage gizani. Akazitenga vibaya zote. Tabibu akaandika, akasema ethambutol inasimama leo hii, dozi itabadilishwa, na atampeleka kwa daktari wa macho. Mama Gaudensia alikuwa ameinamisha kichwa. Akakiinua. "Baba, umesema nani?" "Ethambutol." Akanigeukia mimi, sura imekunjuka kwa mshangao. "Hadija, huyu si yule wa kwenye sala zenu? Si ndiye tunamwomba asubuhi, anayemfuata yule Isonia-ziiidi?" Tabibu akanitazama. Ikabidi nieleze. Nilieleza yote, litania na uitikiaji, kwa Kiswahili, mbele ya mgonjwa, na hakuna mtihani uliowahi kunitoa jasho vile. Alipomaliza kunisikiliza akaweka kalamu chini. "Nyumba moja," akasema, "wafamasia watatu, na mgonjwa ndiye anayewapikia." Akachukua kalamu. Hakuniangalia tena mpaka tunaondoka.

Tulirudi jua linaelekea kuzama kwenye vilima vya Burundi. Venansi na Jovin walikuwa wamekaa mezani, na kwa kuwa hakuna mtu aliyewapikia, walikuwa wanakula ndizi mbivu na chumvi. Mama Gaudensia aliketi bila kuvua ndala. "Yule tabibu amesimamisha dawa," akasema. "Safi," Venansi akasema papo hapo, "hata mimi nilikuwa nashuku. Nilikuwa nangoja dalili zikomae." Zikomae! Macho ya mtu yanangojwa kama mkungu. Shangazi yake akamsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu. Halafu akasema, "Nilikuwa naitikia." "Shangazi, hukuelewa tulichokuwa—" "Sikuelewa. Nilikuwa naitikia kila siku, na sikuelewa. Wewe ulikuwa unaelewa?" Jovin alikuwa anatazama ganda la ndizi. Venansi akaanza kueleza kuhusu nadra, kuhusu uwiano wa faida na hasara, akatumia neno la Kiingereza, akatumia la pili, na la tatu likamkwama. "Mnajua kinachonila," mama akasema, "mnakiimba mezani kwangu, mnakula maharage yangu, mnanicheka kwamba maharage ni machachu." Hakupaza sauti. Kesho yake Venansi alisema amepata mahali penye umeme pale Ngara mjini, akafunga mizigo. Jovin akambebea.

Mimi nilibaki mpaka mtihani. Mama Gaudensia aliweka sharti moja: humo ndani hapatasomwa tena kitu asichokielewa. Basi kila dawa niliyotaka kukariri ilibidi niigeuze Kiswahili, nimweleze inamfaa nani na itamsumbua vipi, huku tunamenya ndizi. Ilikuwa kazi, usifikiri ni utani. Kitabu kinasema neno moja refu, unadhani umelielewa, mpaka mama anakuuliza, "Sasa mtu mwenye hicho kitu, mimi nikimwona njiani, nitamjuaje?" na wewe unarudi kitabuni kuanza upya. Nililia kwa hasira zaidi ya mara moja. Ndiyo ilikuwa shule yangu, na wale wanaokuja famasi yangu Biharamulo leo wananilalamikia kwamba naongea sana dirishani, kwamba wanataka dawa tu na mimi nawapa hotuba. Waende kwa Venansi. Yeye hana maneno siku hizi, ana makampuni.

Mtihani nilifaulu, si kwa kung'aa, nilifaulu. Ethambutol ilikuwamo, swali la kuchagua herufi, na ukishachagua herufi umemalizana nayo. Venansi aliongoza kundi zima. Sishangai na sikatai: debe lile lilijaa, tatizo ni kilichojazwa. Na siku matokeo yalipotoka, kwa kuwa alikuwa anahitaji mtu wa kumshangilia na watu wa mjini walikuwa wamemchoka, alipanda Ntobeye na viatu vipya. Mimi nilikuwa nimekwenda kumjulia hali mama. Moshi ulikuwa umeondoka machoni, uso wa mtu aliuona wote tena, uzi alitunga kwenye sindano mwenyewe. Daktari wa macho alikuwa amemwambia kuona kutarudi. Kuhusu rangi alisema tungoje, na tulikuwa tumengoja miezi bila kuziona zikirudi. Venansi akasimama uani, akasema, "Shikamoo shangazi." "Marahaba, mwanangu." "Nimeongoza, shangazi. Kati ya wote. Sasa mimi ni mfamasia kamili."

Mama Gaudensia alimpigia makofi, ya kweli, hakuwa mnafiki. Akamkaribisha kiti. Akaketi mkabala naye, akajinyoosha kitenge magotini kwa viganja viwili. "Mwenye elimu, nikuulize na mimi swali langu moja," akasema. "Hiki kitenge nilichovaa ni cha rangi gani?" Venansi alitabasamu, akanitazama, akatafuta mtego ulipo, hakuuona. "Ni chekundu, shangazi."

"Hongera," akamwambia. "Mimi pia huwa naambiwa ni chekundu."